Ninavyotambua umri na asili ya transfa na difu za mtumba za Land Rover

Transfa, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, ikishapakwa rangi ya fedha na kupangwa mezani Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, ile ya Land Rover One Ten na ya Discovery hazitofautiki kwa macho. Ndiyo maana neno la muuzaji nalisikiliza, kisha nashika brashi ya waya. Nimezoea kutaka mambo matatu yakubaliane: namba iliyogongwa, uwiano wa gia na splaini (meno marefu ya kushikanisha shafti na gia). Moja likipingana na mengine, siichukui, hata bei iwe nzuri namna gani.

Naanza na LT230, transfa iliyoingia na One Ten mwaka 1983. Namba yake imegongwa upande wa kushoto wa kasha, chini ya nyumba ya beringi ya nyuma ya meinshafti (shafti kuu), jirani na kifuniko cha chini. Naosha kwa dizeli, nasugua, nakausha, halafu napaka chaki na kufuta kwa kiganja. Unga unabaki ndani ya herufi na namba inasomeka vizuri. Tarakimu na herufi za mwanzo zinataja aina ya boksi. Herufi ya mwisho kabisa inataja toleo: kila walipobadilisha kitu cha ndani walisogea herufi moja mbele, kwa hiyo A ni ya zamani kuliko E. Andika namba yote pamoja na hiyo herufi, maana ukienda kununua beringi au gia bila hiyo utaletewa isiyokaa.

Hapa wengi wanakosea: wanasoma namba kubwa zilizotokeza juu ya kasha. Hizo ni za kalibu. Kasha la aina moja lilifungwa gia tofauti, kwa hiyo namba ya kalibu haikwambii chochote kuhusu uwiano. Namba iliyotokeza ni ya kasha tupu, iliyodidimia ndiyo ya boksi. Na sehemu iliyogongwa ikiwa imesagwa kwa grenda, au mstari wa namba unapanda na kushuka, nairudisha mezani.

Uwiano napima kwa mkono. Naweka gia ya juu, nafunga loki ya difu ya kati (ile ya ndani ya transfa), natia alama ya chaki kwenye gia ya kuingilia na kwenye flenji ya kutokea. Nazungusha gia ya kuingilia mara 10 kamili. Flenji ikizunguka mara 7 na kidogo, ni 1.410, ya One Ten na Defender. Ikizunguka mara 8 na karibu moja ya tano, ni 1.222, ya Discovery. Gia ya chini ni 3.32, hivyo mizunguko 10 inatoa 3. Loki lazima ishike kwelikweli, la sivyo flenji ya mbele na ya nyuma zitagawana mzunguko na hesabu yote itakuwa ya uongo. Ukiweka 1.222 mahali pa 1.410, gari litakimbia lami kwa takriban asilimia 15 zaidi kwa mzunguko uleule wa injini, lakini likiwa na mzigo mlimani utalimalizia klachi.

Kabla sijaiacha transfa nafungua kifuniko cha nyuma, kile cha PTO (mahali pa kuchukulia nguvu ya kuendesha mitambo mingine), na kumulika splaini za gia ya kuingilia kwa tochi. Vumbi jekundu kama kutu maana yake splaini zimekuwa zikisuguana zikiwa kavu, na meinshafti ya gia boksi ilikotoka nayo imekwisha. Gia za baadaye zilitobolewa matundu ya kupitisha oili hadi hapo, kwa hiyo gia isiyo na matundu kwenye boksi la herufi ya baadaye inaonyesha boksi limewahi kufunguliwa na kuunganishwa kwa mabaki. Naangalia pia shafti ya kati inapokaa kwenye kasha: tundu likilegea, oili itavuja hata ukibadilisha sili kila mwezi.

Ikiwa inauzwa pamoja na gia boksi, umri unajulikana upesi. Gia boksi ya LT77 rivasi yake iko kushoto, kando ya namba moja. R380, iliyochukua nafasi yake mwaka 1994, rivasi iko kulia nyuma, chini ya namba tano.

Difu ya Rover inatoka nzima kwa upande wa pinioni, kwenye stadi 10, kwa hiyo nahesabu meno ya krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) nikiiona. Krauni 46 kwa pinioni 13 ni 3.54, ya magari ya springi za koili. Series, Land Rover za kabla ya One Ten, zilikuwa na 4.7. Ukinunua ekseli nzima, shika gurudumu moja lisizunguke, zungusha lingine mara 2, hesabu flenji ya pinioni: itazunguka mara tatu na nusu, au karibu mara tano. Kuchanganya hizi mbili, moja mbele na moja nyuma, kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote kunailazimisha difu ya kati izunguke safari nzima. Itapata moto, itakula vipande vyake.

Halafu napeleka kidole kwenye gia za pembeni za difu, zinamoingia shafti za magurudumu. Splaini 10 nene ni za zamani; 24 nyembamba zilianza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Flenji yenye mabawa matatu badala ya matundu manne ni ya nyuma ya Discovery, ilikuwa na kiungo cha mpira.

Kwenye uso wa pinioni na kwenye krauni kuna namba ya jozi iliyochorwa. Lazima zilingane, kwa sababu viwili hivyo vilisagwa pamoja. Zikitofautiana, difu italia hata ukiseti nafasi ya meno kati ya milimita 0.10 na 0.17 inavyotakiwa. Beringi ya Timken iliyoandikwa England inapendeza, lakini beringi hubadilishwa, umri wa difu haumo humo.

Kwenye ekseli nzima, namba ya mbele iko usoni mwa bomba la kushoto, ndani kidogo ya bano la mkono wa radiasi. Ya nyuma iko mgongoni mwa bomba la kushoto, ndani ya makao ya springi. Mara nyingi zimejaa kutu, hivyo ninaenda na dizeli yangu kwenye chupa.