Upepo wa Agosti na skrini ya inchi 80

Dodoma, Agosti, jioni

Upepo umeanza saa nne asubuhi na mpaka sasa haujatulia. Madirisha yamefungwa, lakini ukipitisha kidole juu ya meza ya sebuleni kinarudi chekundu. Huu ndio msimu wa skrini: usiku una baridi, watu wanakaa ndani, na mwenye projekta ndogo amechoka kuangalia mpira kwenye ukuta wenye mawimbi ya plasta. Karibu kila anayetaka kujitengenezea skrini ya projekta huanza na kitambaa. Kipi kizuri, mita shilingi ngapi. Mbao za fremu anazikumbuka mwishoni, anachukua zozote. Kwa hewa ya Dodoma, huko ni kuanzia mkiani.

Mbao nyingi laini tunazouziwa hapa ni paina kutoka upande wa Mafinga na Sao Hill. Huko kuna baridi na unyevu. Gogo linapasuliwa bichi, ubao unapakiwa kwenye lori, na baada ya siku chache umeegemezwa kwenye banda la mbao hapa mjini, juani, kwenye upepo mkavu. Upande unaopigwa na hewa unasinyaa kabla ya ule mwingine, ndipo ubao unapinda au kujinyonga. Ukiufanyia fremu kabla haujamaliza, utaendelea kujinyonga ukiwa ukutani kwako. Kona moja inaachana na ukuta, kitambaa kinavutika kimshazari, na mikunjo mirefu inatoka kwenye kona ile kuelekea katikati. Mikunjo hiyo haitoki kwa pasi.

Kwa hiyo mbao zinunuliwe wiki mbili au tatu kabla ya kazi. Inua ubao, weka jicho kwenye ncha moja uangalie mpaka ya pili. Ulio mzito kuliko wenzake wa kipimo kilekile bado una maji. Nyumbani ulaze kivulini juu ya vijiti vitatu vya unene sawa, uweke matofali juu yake, na ncha zote uzipake rangi ya mafuta iliyobaki koponi. Ncha hukauka upesi kuliko katikati, ndiyo maana hupasuka. Jambo jingine: usikubali ubao uliopakwa oili chafu ya kuzuia mchwa. Kwenye kenchi haina neno, hakuna anayeiona. Kwenye skrini itapenya kitambaani polepole, utapata doa la kahawia kuzunguka picha, na sebule itanuka gereji.

Ukubwa. Wengi wanataka inchi 100, na hapo hesabu ya kitambaa inakataa. Picha ya inchi 100 (hupimwa kona hadi kona) kwa uwiano wa 16:9, yaani upana kwa kimo, ina kimo cha sm 125. Ongeza pindo jeusi la sm 5 juu na chini, ongeza sm 10 kila upande za kukunjia nyuma ya fremu, unafika sm 155. Kitambaa cha dukani kwa kawaida kina upana wa sm 150. Sentimita tano tu, lakini zinakulazimisha kuunga, na mshono katikati ya picha unaonekana kila kamera inapopita juu ya nyasi za uwanja. Inchi 80 inatoa picha ya sm 177 kwa 100, na fremu ya sm 187 kwa 110 ukihesabu pindo. Kitambaa kinachohitajika ni sm 207 kwa 130, kwa hiyo mita mbili na robo zinatosha bila mshono. Projekta yenye uwiano wa 1.4, yaani umbali wake kutoka kwenye skrini ukigawanywa kwa upana wa picha, itakaa mita 2.5 hivi kutoka kwenye skrini, umbali ambao sebule za kawaida zinao. Uwiano huo upo kwenye kijitabu cha projekta. Usome kabla hujakata chochote.

Nunua mbao mbili za inchi mbili kwa mbili, zenye urefu wa futi 12. Zikishapigwa randa pande zote, zipime upya, kwa sababu mbili kwa mbili ya dukani ikitoka kwenye randa huwa na sm 4.5 hivi, na hesabu inafuata kipimo cha kweli. Futi 12 ni sm 366, kwa hiyo vipande viwili vya sm 187 haviingii kwenye ubao mmoja. Vinazidi kwa sm 8. Hapa ndipo watu hununua ubao wa tatu bila sababu. Kila ubao utoe kipande kimoja cha 187 na kimoja cha 101 (110 ukitoa unene wa mbao mbili). Kila ubao utabakiza kipande cha kama sm 77. Usivitupe.

Skrubu inayoingia kwenye ncha ya paina inashika vibaya, maana inapita katikati ya nyuzi za mti. Kwa hiyo paka gundi ya mbao, toboa tundu jembamba kwanza, funga skrubu moja ndefu kila kona, kisha nyuma funika kona kwa pembetatu ya plaiwudi yenye pande za sm 20. Makapi ya karakana za samani yanatosha. Kabla gundi haijakauka pima mishazari yote miwili. Inatakiwa ikaribie sm 217 na ilingane. Ikipishana kwa zaidi ya nusu sentimita, sukuma kona ya mshazari mrefu. Skwea peke yake haitoshi kwa fremu ya ukubwa huu; kosa dogo kwenye kona linakua likifika upande wa pili. Katikati, nyuma, simamisha ubao mwembamba wa moja kwa mbili wenye urefu wa sm 110, ufungwe mgongoni mwa fremu. Ukiuweka sawa na uso utagusa kitambaa na kuonekana kama mstari wa kivuli.

Sasa kitambaa. Shuka la kitanda linapitisha mwanga: picha inagonga ukuta wa nyuma na kurudi kama ukungu. Amerikani ni imara lakini ina rangi ya maziwa yaliyochacha, kila jezi nyeupe itakuwa njano. Plastiki ya mabango, ile isiyochapishwa, ni bei nafuu na ipo kwenye rola pana, ila nyingi zina mng'ao, unaona duara jeupe la mwanga katikati ya picha. Tena inalegea mchana wa joto na kukaza usiku. Ukiamua kuitumia, itandaze juani kwanza, uivute ikiwa bado ina joto. Kitambaa bora kwa bei ni bitana nzito nyeupe ya mapazia ya kuzuia mwanga, uso usiong'aa. Kipimo chake dukani ni tochi ya simu: iweke nyuma ya kitambaa. Ukiliona umbo la taa, kirudishe. Rangi ya kijivu inasaidia weusi wa picha pale dari na kuta ni nyeupe, lakini projekta ndogo haina mwanga wa kugawa. Baki na nyeupe.

Kuvuta ndiyo sehemu inayotaka subira, na hapa fundi sofa anamzidi seremala. Piga kitambaa pasi, kilaze kifudifudi kwenye mkeka safi, fremu juu. Anza katikati ya upande mrefu: pini tatu za stepla. Nenda katikati ya upande unaoelekeana nao, vuta, pini tatu. Kisha katikati za pande fupi. Kutoka hapo unasogea kuelekea kwenye kona, sm 4 kwa sm 4, ukibadilishana pande kila baada ya pini chache. Anayeanzia kona na kwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa upande anasukuma ulegevu wote kwenye kona ya mwisho, na hautatoka tena. Tumia nguvu sawa, si nyingi. Ukiona nyuzi za kitambaa zimepinda kama upinde karibu na pini, umezidisha. Kona zinakunjwa mwisho. Simamisha fremu, lala karibu na ukingo wake na uangalie uso mzima kwa tochi iliyoegeshwa pembeni. Kila bonde litatupa kivuli. Ng'oa pini za eneo lile tu, vuta upya.

Pindo jeusi si urembo. Linafunika mbao, linameza mwanga unaozidi ukingo wa picha, na jicho likiona weusi halisi pembeni linaiona picha nzima kuwa na nguvu zaidi. Mahameli nyeusi inameza vizuri kuliko kitambaa kingine chochote cha kawaida. Nusu mita yenye upana wa sm 150 inatoa vipande vitano vya sm 10. Viwili vinaenda juu na chini, kila kimoja kikipungukiwa sm 37. Vingine viwili unakata sm 110 za pembeni na kutoa zile 37. Cha tano ni cha makosa. Sentimita 5 zikae mbele, 5 zikunjwe nyuma. Kwenye vile viungio vya 37 hakikisha manyoya ya mahameli yanalala upande mmoja, la sivyo kipande kimoja kitaonekana kijivu.

Vile vipande vya mbao vya sm 77 vilivyobaki ndivyo vinavyoning'iniza skrini. Kimoja kipasuliwe kwa urefu, kwa mshazari wa digrii 45, nusu ifungwe ukutani mdomo ukiangalia juu, nusu nyuma ya fremu mdomo chini. Fremu inashushwa na kujibana yenyewe. Cha pili kifungwe nyuma chini ili fremu isiinamie ukuta. Tofali la kuchoma linamong'onyoka kwa drili ya kugonga, kwa hiyo zungusha bila kugonga mpaka tundu lifike kina, ndipo uingize plagi.

Vumbi likishatua, usiguse kwa kitambaa kibichi. Lile jekundu likipata maji linakuwa udongo, na udongo unabaki kwenye nyuzi. Brashi pana ya rangi ambayo haijatumika, kavu, juu kwenda chini, bila kukandamiza. Wakati skrini haitumiki, khanga iliyochakaa ibanwe juu ya fremu kwa vibanio vinne vya nguo, ining'inie mpaka chini. Leo ile khanga ina mstari mwekundu pale mkunjo wake ulipo, na upepo bado haujaisha.