Husky, pre-commit na Git LFS katika hazina moja ya Git

Mradi ulioandikwa kwa Python upande wa seva na kwa JavaScript upande wa kivinjari, kisha ukaongezewa Git LFS kwa ajili ya picha na faili nyingine kubwa, haukawii kuwa na zana tatu zinazogombea nafasi ileile: ndoano za Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), yaani skripti ambazo Git huziendesha yenyewe tukio fulani linapotokea. Waandishi wa Python huja na pre-commit, zana inayoendesha vikaguzi vya msimbo, wa JavaScript huja na Husky, inayosimamia ndoano, pamoja na lint-staged, inayoendesha vikaguzi kwenye faili zilizoandaliwa, na Git LFS, inayotunza faili kubwa kando ya hazina, nayo ina skripti zake. Kila moja ikiwa peke yake haina tatizo. Zikikutana, mojawapo huacha kufanya kazi bila kutoa taarifa yoyote, na hilo ndilo linalonifanya niandike kuhusu suala hili.

Chanzo kiko ndani ya Git yenyewe. Ndoano ya Git ni faili inayotekelezeka, iliyowekwa katika folda ya `.git/hooks` na kupewa jina la tukio linaloiita: `pre-commit` (zana ya pre-commit imechukua jina hilohilo) kabla ya komiti, yaani kuhifadhi mabadiliko katika historia, kufanyika, `commit-msg` baada ya ujumbe wake kuandikwa, `pre-push` kabla ya kusukuma kazi kwenye seva. Ndoano ikimalizika kwa namba isiyo sifuri, Git husitisha shughuli. Katika folda hiyo kila tukio lina faili moja tu, na folda yenyewe hainakiliwi mtu anapochukua hazina, kwa sababu za usalama zinazoeleweka. Ndiyo maana kila zana ililazimika kubuni njia yake ya kujisakinisha.

Toleo la 2.9 la Git, lililotoka mwaka 2016, lilileta mpangilio wa `core.hooksPath`, unaoiambia Git isome ndoano kutoka folda nyingine. Husky huutumia mpangilio huo tangu toleo lake la 5; katika toleo la 9 huuelekeza kwenye `.husky/_`, na huuweka upya kila `npm install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, inapoendesha skripti ya `prepare`. Kuanzia hapo, yaliyomo katika `.git/hooks` hayasomwi tena. Faili zipo, ruhusa zake ni sahihi, ila hakuna anayeziita. Ukijaribu kusakinisha pre-commit baada ya hapo, itakataa na kukushauri uuondoe mpangilio huo. Ukiufuata ushauri wake, Husky itazimika mpaka mtu aendeshe tena `npm install`, na siku hiyo itakuwa zamu ya pre-commit kuzimika. Wakati mwingine pre-commit ina ustaarabu zaidi: ikikuta ndoano ya zamani ndani ya `.git/hooks`, huibadilisha jina kwa kuiongezea `.legacy` mwishoni na kuendelea kuiendesha pamoja na yake.

Anayeumia zaidi ni Git LFS, kwa kuwa ndoano yake ya `pre-push` ndiyo inayopakia faili kubwa kabla ya komiti kuondoka. Isipoitwa, seva hupokea viashiria vitupu, yaani faili ndogo zinazotaja faili kubwa bila faili zenyewe. GitHub hukataa msukumo wa namna hiyo, lakini seva isiyokagua itaupokea, na mwenzako ndiye atakayegundua atakapochukua tawi na kukosa picha.

Maoni yangu ni kwamba ndoano zote ziwe na mmiliki mmoja, na zana nyingine ziitwe kama amri za kawaida. Ikiwa `package.json`, faili inayoorodhesha vifurushi vya JavaScript, iko kwenye mzizi wa mradi, namwachia Husky umiliki, kwa kuwa hujisakinisha bila mtu kukumbushwa. Hapo sihitaji `pre-commit install` hata kidogo. Faili ya `.husky/pre-commit` hubeba mistari miwili:

```
pre-commit run
npx lint-staged
```

Amri ya kwanza, isipopewa hoja yoyote, hukagua faili zilizokwisha kuandaliwa kwa `git add` tu, na ikishindwa Husky huishia hapo. Kwa ujumbe wa komiti, amri ni `pre-commit run --hook-stage commit-msg --commit-msg-filename "$1"`. Anayefanya komiti kupitia kihariri chenye vitufe anaweza kuambiwa kwamba pre-commit haipatikani, kwa sababu mazingira yake ya Python hayajawashwa. Husky husoma `~/.config/husky/init.sh`, na njia ya kuifikia pre-commit inaweza kuongezwa humo. (Wanaonunua intaneti kwa kifurushi wajue pia kwamba mara ya kwanza pre-commit hupakua kila kikaguzi na kukijengea mazingira yake, baada ya hapo hutumia akiba iliyoko kwenye kompyuta.)

Kwenye `pre-push` kuna mtego ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Git huipa ndoano hiyo orodha ya matawi yanayosukumwa kupitia ingizo la kawaida (stdin), na programu ya kwanza kulisoma hulimaliza. Git LFS ikiitwa ya pili hukuta patupu, haipakii chochote, wala hailalamiki. Hifadhi ingizo kwanza, kisha umpe kila mmoja nakala yake:

```
ingizo=$(cat)
printf '%s\n' "$ingizo" | git lfs pre-push "$@"
```

Ndoano nyingine za LFS, yaani `post-checkout`, `post-commit` na `post-merge`, hazina utata huo. Amri ya `git lfs update --manual` itakuonyesha mistari ya kuweka.

Hubaki suala la nani anaruhusiwa kubadilisha faili. Kikaguzi kikigusa faili, pre-commit hukwamisha komiti ili uyatazame mabadiliko na kuyaandaa mwenyewe, ilhali lint-staged huyaongeza kimyakimya. Mimi napendelea njia ya kwanza, ingawa inachosha. Lililo muhimu zaidi ni kugawa mipaka: folda ya JavaScript iingizwe kwenye `exclude` ya pre-commit, na lint-staged isitoke nje ya folda hiyo, la sivyo Prettier, zana ya kupanga msimbo wa JavaScript, na vikaguzi vya nafasi tupu vitavutana juu ya faili moja. Upande wa Python, isort, inayopanga mistari ya `import`, ipewe wasifu wa `black`, vinginevyo itabishana na Black, zana ya kupanga msimbo, kuhusu mistari hiyo.

Mpango huu una gharama moja. `HUSKY=0`, inayozima Husky, na `git push --no-verify`, inayosukuma bila ndoano, sasa huruka Git LFS pia, hivyo anayezitumia aendeshe `git lfs push` kwa mkono. Anayetaka kuruka kikaguzi kimoja tu cha pre-commit atumie kigeu cha `SKIP`. Na kwa kuwa ndoano yoyote inaweza kurukwa, `pre-commit run --all-files` iendeshwe pia kwenye seva inayoendesha majaribio ya msimbo (CI).

Mtu akisema kwake hakuna kinachokaguliwa, aendeshe `git rev-parse --git-path hooks` ndani ya mradi. Jibu likiwa `.git/hooks` badala ya `.husky/_`, bado hajaendesha `npm install`, au kuna aliyeufuta mpangilio.