Uzito wa mama na dripu ya uchungu

Mama mwenye uzito mkubwa akianzishiwa au kuongezewa uchungu kwa dripu ya oksitosini, dawa ya homoni inayokaza kizazi, mara nyingi huhitaji dozi kubwa na saa nyingi zaidi kuliko mwenzake mwembamba kabla njia (mlango wa kizazi) haijafunguka, na uwezekano wa kujifungua kwa upasuaji nao hupanda kadiri uzito unavyoongezeka. Tafiti nyingi zimelionyesha jambo hili, nasi wakunga tunaliona wodini. Ninachokipinga ni haraka yetu ya kusema kwamba mwili wake umeshindwa, ilhali mara nyingi bado haujapewa muda unaouhitaji.

Kuchelewa huko hutokea hasa mwanzoni, kabla njia haijafunguka kufikia sentimita 6. Wakati wa kusukuma ukifika, tofauti huwa ndogo sana, kwa hiyo maneno "huyu ni mnene, hataweza kusukuma", ambayo nimeyasikia kando ya kitanda huku mama mwenyewe akisikia, hayana msingi na yanamvunja moyo bure.

Kuhusu sababu, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kolesteroli nyingi hupunguza mikazo ya misuli ya kizazi, na kwamba leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili, nayo huidhoofisha. Maabara si chumba cha kujifungulia, lakini matokeo hayo yanatosha kutuzuia tusimlaumu mama kwa uvivu.

Hata hivyo, dozi haipangwi kwa kilo. Utaratibu wa kawaida wa dozi ndogo huanza na miliyuniti (kipimo kidogo cha dawa hii) 1 hadi 2 kwa dakika, kisha huongezwa kidogo kidogo kila baada ya dakika 30 hivi, kwa kufuata mwitikio wa kizazi chenyewe. Subira hiyo ina maana, kwa sababu dawa huchukua muda kama huo kufikia kiwango kisichobadilika katika damu, na anayeiongeza kwa pupa huongeza kabla hajaona kazi ya dozi iliyotangulia. Mikazo ikizidi 5 ndani ya dakika 10, mtoto anaweza kukosa oksijeni, na kizazi, hasa chenye kovu la upasuaji, kinaweza kupasuka.

Hapa ndipo penye hatari ninayoihofia zaidi. Kwa mama mnene, mkanda wa kupima mikazo haushiki vizuri na hata mkono hupata shida kuihisi kupitia tumbo, hivyo mikazo mikali inaweza kuonekana hafifu na dripu ikaongezwa pasipohitajika. Hakuna mashine inayochukua nafasi ya mkunga aliyeketi karibu naye, mkono tumboni, akisikiliza mapigo ya moyo ya mtoto mara kwa mara.

Mama na mtoto wakiwa salama, miongozo ya Marekani ya mwaka 2014 ilishauri dripu iendelee angalau saa 12 hadi 18 baada ya chupa ya maji ya uzazi kupasuka kabla ya kuamua kwamba kuanzisha uchungu kumeshindikana. Lakini kizazi kilichokaa na oksitosini kwa saa nyingi huanza kuizoea, na baada ya kujifungua kinaweza kulegea na kutoa damu nyingi. Kwa mama wa namna hiyo, napenda mshipa wa pili uwe umeshawekewa kanula (kijibomba cha kupitishia dawa) na dawa nyingine za kukaza kizazi ziwe karibu kabla mtoto hajazaliwa.