Siku moja maishani mwangu: mteremko wa hasi 1.47

Saa 1:40 asubuhi. Nimefika maabara miguu ikiuma. Nimesimama kwenye daladala tangu Mbagala.

Saa 2:30. Leo tunakagua vitendanishi (kemikali za kipimo) vipya vya kupima malaria kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mzunguko kwa mzunguko hadi mashine iigundue. Nazimua DNA ya vimelea mara kumi kumi, kutoka nakala 1,000,000 hadi 100. Mirija mitano, ncha mpya ya pipeti kila mara, na hakuna kupiga stori.

Saa 4. Mashine imeanza mizunguko 40. Chai na chapati, huku tukiomba umeme usikatike.

Saa 6:10. Majibu yametoka. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo anayaingiza kwenye Excel: safu A nakala, safu B mzunguko ambao mashine imeigundua DNA, safu C logi ya nakala (logarithm: kwa kizio 10, logi ya 100 ni 2, ya 1,000 ni 3). Ukichora bila logi, nukta nne zinabanana kushoto na moja inabaki peke yake kulia kabisa. Ukiweka logi, unapata mstari ulionyooka. DNA ikiongezeka mara mbili kila mzunguko, kuizimua mara kumi kunachelewesha majibu kwa mizunguko 3.32, maana 2 kwa kipeo cha 3.32 ni 10. Kwa hiyo mteremko bora wa mstari huo ni -3.32, sisi tunakubali kati ya -3.1 na -3.6.

Anaandika =SLOPE(B2:B6,C2:C6). Inatoka -1.47.

Napiga hesabu ya ufanisi: =10^(-1/-1.47)-1. Asilimia 379! Yaani nakala moja inakuwa karibu tano kwa mzunguko mmoja, wakati mwisho wake ni mbili. Hata sungura hawafiki huko.

Saa 7:30. Wali wangu umepoa. Nimeshailaumu pipeti, nimeilaumu barafu, nilikuwa natoa mirija mingine nirudie yote. Kilichonizuia ni R², kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa kwenye mstari, ambapo 1 ni kamili: 0.998. Mkono ukitetereka hapa na pale, nukta hutawanyika, na hizi zimenyooka kama rula. Nikabofya C2.

=LN(A2).

“Dada, kwani logi si ni ileile?”

Mstari unanyooka kwa zote mbili, ndiyo maana grafu haikutushtua. Ila LN ni logi asilia, ya kizio 2.718, na ile 3.32 ni ya logi ya kizio 10. Tukabadilisha kuwa LOG10, ambayo ni sawa na kuzidisha mteremko kwa 2.303: -3.39. Ufanisi asilimia 97.

Saa 8:15. Ananiita tena: #NUM!. Ameingiza na kirija cha maji matupu, nakala 0. Sifuri haina logi, mdogo wangu, acha seli wazi.

Saa 8:30. Nimeandika LOG10 kwa wino mwekundu kwenye furemu ya kompyuta. Naenda kupasha wali.