Mkanda wa bunduki hupimwa kwa bega lako

Wiki iliyopita kijana mmoja mgeni kazini alinikuta nimekaa nje ya kambi, nyundo na msumari mkononi, natoboa tundu jipya kwenye mkanda wa bunduki yangu ya .375. Akauliza, "Afande, mbona unaufupisha? Si wa kubebea tu?"

Nimetembeza wageni kwa miguu Ruaha miaka 11 sasa, na hilo la "kubebea tu" nililiamini mpaka mwaka wangu wa pili. Bunduki niliyokabidhiwa ilikuwa na mkanda wa nailoni mrefu, unaning'inia mpaka karibu na goti. Tulikuwa tumeacha mchanga wa mto Mwagusi, tumeingia vichakani, nyati dume aliyelala kivulini akasimama. Hatua kama 20. Nikaivuta bunduki, ikaja nusu, ikagoma: mkanda umenasa kwenye tawi la mgunga. Nyati akatutazama, akapuliza pua, akageuka akaenda zake. Mimi nimeshika kitako mkono huu, tawi mkono huu, na nyuma yangu wamesimama watu wanne walionikabidhi roho zao.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa fundi viatu Iringa mjini, akanishonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe, upana inchi moja na robo. Ule upande wa nyuzinyuzi ndio unaogusa shati, hivyo hautelezi kama nailoni.

Naibeba bega la kushoto, mtutu chini, kifyatulio kimetazama mbele, mkono wa kushoto umeshika mti wa mbele, ule ulio chini ya mtutu. Wakati wa kuipandisha, mkono huo unaisukuma mbele na juu, wa kulia unapokea shingo ya kitako, na mkanda unatoka begani wenyewe. Kwa hiyo kipimo ni hiki: simama wima, bunduki tupu, chemba inapokaa risasi umeitazama na kuipapasa kwa kidole. Mkono wa kushoto uufikie mti wa mbele huku kiwiko kimekunjika kidogo. Ukilazimika kuunyoosha wote, mkanda ni mrefu; ukikubana kwapani unapopandisha, ni mfupi. Upime ukiwa na nguo za kazi, maana jaketi la asubuhi za Juni linakula tundu zima. Ndiyo maana nilikuwa natoboa: baridi imekwisha, na ngozi nayo hurefuka ikishanyeshewa.

Mtutu ukiwa chini, mvua haiingii. Ila ukipiga goti, udongo unaingia, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka ukifyatua. Mimi naufunika kwa kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme. Risasi haisumbuki nao.

Mkanda husaidia pia kulenga ukiwa umepiga goti au umeketi. Pitisha mkono wa kushoto ndani yake, uzungushe nyuma ya mkono juu ya kiwiko, kisha urudi mbele ulale juu ya mgongo wa kiganja. Sukuma kiwiko nje kidogo, utasikia bunduki imetulia begani. Lakini angalia pete ya mbele inayoshika mkanda imefungwa wapi. Kwenye bunduki nyingi za risasi nzito imefungwa kwenye mtutu wenyewe, isije ikakugonga vidole bunduki inapopiga teke. Hiyo usiivute kwa nguvu, maana mtutu ukivutwa risasi haiendi pale ulipozoea.

Na tukikaribia kichaka kizito, mkanda nauvua kabisa. Pete zangu zinafunguka kwa kubonyeza, nao unakaa mfukoni mpaka tutokee upande wa pili. Hapo bunduki iko mikononi, si begani.

Kijana nilimpa bunduki tupu, akaipandisha mara 30 akilenga mbuyu ng'ambo ya mto. Mara za mwanzo mkanda ulimkwama kwenye kola. Tukasogeza bizimu tundu moja, akaendelea mpaka ikawa inapanda bila yeye kuitazama. Tundu lake ni la nne, langu la tatu. Nimemwekea alama kwa kalamu nyuma ya ngozi.