Tepa ya tairodi: pima kwanza, rima utaitafuta baadaye

Nilikaa wiki mbili na mlio. Tik. Kila nikikata stelingi gari likiwa limesimama, tik moja tu, ndogo, unaisikia kwenye sakafu kuliko masikioni. Nikashuku bushi, nikashuku shokapu, nikashuku hadi boliti za injini, kitu pekee ambacho sikukishuku ni tairodi endi, vile vichwa vya fimbo zinazounganisha stelingi na tairi, kwa sababu zilikuwa mpya na nilizifunga mwenyewe, nati nimekaza vizuri na spliti pini, ile ya kuzuia nati isilegee, iko mahali pake. Kumbe ndo zenyewe.

Historia fupi ni hii: niliweka stelingi raki (ule mtambo unaosukuma tairodi kushoto na kulia) ya modeli nyingine, na tairodi endi zilizokuja nayo zina pini nene kidogo. Pini ikaingia kwenye tundu la mkono wa stelingi, ikabana, nati ikakaza, nikaona safi. Ila kulikuwa na dalili na mi nikaipita, spliti pini iliingia kwa taabu, tundu lake lilikuwa limejificha chini kabisa ya meno ya nati, yani pini ilikuwa haijashuka vya kutosha. Nilipofungua baada ya hizo wiki mbili nikakuta upande mnene wa pini una pete moja inang'aa, upana wake kama ukucha, na kuanzia hapo kushuka chini kote kuna vumbi jekundu la kutu kavu, ukiligusa linabaki kidoleni. Pini ilikuwa imeshikwa mdomoni tu, huku chini inaelea na kucheza. Nilikaa pale chini naitazama nikifikiria barabara nilizopita na familia ndani, mwili ukanisisimka.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu hii pini inavyofanya kazi maana wengi tunaiona kama boliti. Sio boliti. Ni tepa, nene juu na nyembamba chini, na tundu lake lina tepa hiyohiyo, nati kazi yake ni kuivuta pini ishuke mpaka chuma na chuma vishikane pande zote. Kinachobeba mzigo wa stelingi ni huo mshikano, sio nyuzi za nati. Ndo maana hata ukitoa nati pini bado inagoma kutoka mpaka ugonge mkono wa stelingi ubavuni kwa nyundo. Tepa mbili zikitofautiana hata kidogo zinagusana kwenye mstari mmoja tu, nati itakaza, kila kitu kitaonekana kiko sawa, alafu mzigo unaanza kuichezesha pini, inakula tundu, na mwisho pini inaweza kukatika. Na hapo huna stelingi.

Wengi wakifika hapa wanauliza wapi wapate rima, kifaa cha kukata na kupanua tundu. Ila swali sio "nipate wapi rima ya tairodi", swali ni tepa ngapi. Zipo za aina kadhaa. Inayokutwa sana ni 1:8, maana yake kila urefu wa milimita 8 kipenyo kinapungua milimita 1, na wauzaji wa Marekani wataiandika inchi moja na nusu kwa futi au watasema digrii 7, ni kitu kilekile. Ipo 1:6 ambayo wao wanaiita inchi 2 kwa futi, hii utaikuta kwenye boljointi nyingi za magari ya Kimarekani. Na ipo 1:10, hasa kwenye magari ya Ulaya. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata mtu aliyefanya gereji miaka ishirini hawezi, usimwamini mtu anayekwambia "hii naijua".

Kupima ni rahisi ukiwa na venia, kile kipimo chenye taya. Futa pini vizuri, weka alama mbili zilizoachana milimita 16 kamili, pima kipenyo kwenye kila alama. Tofauti ikiwa milimita 2 hiyo ni 1:8. Ikiwa 1.6 ni 1:10. Ikikaribia 2.7 ni 1:6. Rudia mara tatu nne maana taya za venia zinateleza kwenye mteremko, na kama unataka uhakika zaidi toboa vipande viwili vya bati nene kwa drili za saizi tofauti unazozijua, vishushe kwenye pini mpaka vikwame, pima umbali kati yao, hesabu inakuja yenyewe. Mkono wangu wa stelingi bahati nzuri una unene wa milimita 16 pale kwenye tundu, nikapima mdomo wa juu na wa chini, tofauti 1.6. Pini mpya, tofauti 2. Tundu 1:10, pini 1:8. Jibu la ile tik likawa mezani.

Kabla hujawaza kukata chochote tafuta kwanza tairodi endi yenye tepa ya tundu lako na nyuzi za raki yako, ikipatikana nunua hiyo na tundu liache kama lilivyo. Mi nilitafuta, zenye tepa sawa nyuzi hazikuingia kwenye raki, ndo nikahamia kwenye rima.

Na hapa nilikosea tena, nalisema ili wewe usirudie. Nilichukua ile tofauti ya milimita 2 nikaigawa kwa mbili, nikiwaza mteremko wa upande mmoja wa pini, nikapata 1 kwa 16, nikaenda kununua rima iliyoandikwa 1:16. Hiyo ni rima ya mabomba! Tepa siku zote inahesabiwa kwa kipenyo kizima, sio upande mmoja, na kwa bahati mbaya tepa ya nyuzi za mabomba ni 1:16 kweli, kwa hiyo kosa la hesabu lilinipeleka moja kwa moja kwenye kitu kinachouzwa na kinachofanana kabisa. Kuna na mitego mingine: rima za tepa ya Morse ziko karibu na 1:20, hizo ni za mashine za kukerezea chuma, na rima za pini za kufungia gia na shafti ni 1:50. Zile biti za koni za kutobolea bati ndo usizifikirie kabisa.

Ukiwa unatafuta usitegemee jina la bidhaa, omba namba tatu: kipenyo cha ncha, kipenyo cha juu, na urefu wa sehemu inayokata. Ncha 10, juu 18, urefu 64, toa 10 kwenye 18 unabaki na 8, gawa 64 kwa 8, ni 1:8. Muuzaji asiyeweza kukupa hizo namba achana naye hata kama picha ni nzuri. Angalia pia ncha iwe nyembamba kuliko sehemu nyembamba ya tundu lako, na meno, mi napendelea yenye mifereji iliyojipinda kinyume na mzunguko wa kukata kwa sababu hairuki wala haijivuti ndani yenyewe, yenye mifereji iliyonyooka inafanya kazi lakini ni rahisi kuacha mawimbi kwenye tundu.

Kukata sasa. Nilianza kwa kufanya mazoezi kwenye kipande cha chuma cha unene uleule, nakushauri hivyohivyo, mkono unahitaji kujua uzito wake. Alafu nikafunga mkono wa stelingi kwenye vaisi, rima kwenye mpini wa tapu, mafuta ya kukatia ya kutosha, nazungusha taratibu kuelekea upande wa kukata tu. Usirudishe nyuma hata unapoitoa, ukirudisha chenga zinaingia nyuma ya meno na kuyamega. Drili ya mkono hapana, inayumba na ina haraka. Drili ya kusimama sawa kama ina spidi ya chini kabisa. Kama sehemu yako ni chuma cha kusubu kata kikavu, kama ni aluminiamu mafuta ya taa yanasaidia.

Kitu cha kukaa nacho kichwani ni hiki: kwenye 1:8, ukipanua tundu kwa milimita 0.1 tu pini inashuka milimita 0.8. Kwangu mdomo ulihitaji kupanuka 0.4, yani pini ishuke kama milimita 3.2, na hiyo ndo ilikuwa inanyima spliti pini nafasi. Kwa hiyo mizunguko miwili, toa, futa, jaribu. Mizunguko miwili, toa, futa, jaribu. Ukipitiliza hakuna kurudi, nati itafika mwisho wa nyuzi kabla haijavuta pini, na kuweka washa hapo ni kujidanganya, pia ukuta wa chuma uliobaki kuzunguka tundu unakuwa mwembamba.

Kujaribu nilitumia makapeni. Chora mistari sita ya urefu kwenye pini, ingiza kavu, bonyeza, zungusha kidogo, toa. Mara ya kwanza mistari ilifutika juu tu, pale kwenye pete. Baada ya raundi kama tano ikafika katikati. Niliposimama mistari ilikuwa imefutika karibu yote kuanzia juu hadi chini, na zaidi ya robo tatu ya eneo ikigusa ndo nakubali, chini ya hapo naendelea.

Kufunga: safisha mafuta yote kwenye pini na tundu, tepa inaingia kavu. Kaza kwa toki rechi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji, tundu la spliti pini lisipolingana kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma, na spliti pini iwe mpya. Kisha alaimenti, lazima, pini imeshuka na mkao wa tairodi umebadilika pale.

Baada ya siku kumi nikafungua upande mmoja kuangalia. Pini iligoma kutoka, nyundo tatu ubavuni ndo ikaachia, na haikuwa na vumbi jekundu popote, rangi moja ya kijivu kutoka juu hadi chini. Nikaweka spliti pini nyingine mpya, nikafunga.