Ndoo Iliyofunikwa

Kwa miaka mitatu niliamini kwamba maji ya bomba yakilala usiku mmoja ndani ya ndoo yanafaa kumiminwa kwenye tangi la samaki, na kwa miaka hiyo yote imani hiyo haikunigharimu chochote. Kila Ijumaa jioni nilijaza ndoo tatu za lita 20, na Jumamosi asubuhi nilipunguza robo ya maji ya tangi langu la lita 240, nikamimina yale mapya na kuendelea na shughuli nyingine. Jumamosi moja ya msimu wa masika, hazikupita dakika kumi samaki wakapanda juu na kuanza kuhema wakiwa wameachama midomo usawa wa maji, huku matamvua yao yakienda mbio. Hadi jioni walikuwa wamekufa wanne kati ya kumi na wanne.

Chanzo hakikuwa kigumu kupatikana. Mtaani kwetu hapa Dar es Salaam kulikuwa na tahadhari ya kipindupindu, na mama alikuwa ameongeza dawa ya klorini kwenye simtanki letu, kama alivyofanya tangu tukiwa wadogo; hakuwa na sababu yoyote ya kunijulisha, kwa kuwa maji yale yalikuwa salama kabisa kwa wanywaji aliowakusudia. Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Kwa kuhofia mbu wa dengue, nilikuwa nimezifunika ndoo kwa mifuniko yake, tena nikaibana vizuri. Klorini hutoka majini taratibu kupitia uso ulio wazi, na mwanga wa jua husaidia kuivunja. Ndoo iliyofunikwa na kuwekwa ndani huinyima njia zote mbili.

Hesabu yake inatisha kidogo. Dozi ya kawaida ya kutibia maji ya kunywa nyumbani huweka takriban miligramu 2 za klorini katika kila lita ya maji meupe, na takriban miligramu 4 yakiwa na tope, wakati ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 5. Kwa samaki, madhara huanza hata chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Tuseme mama alitumia dozi ya maji yenye tope, kwa kuwa ilikuwa masika, na tuseme nusu yake ilipotea usiku: zilibaki miligramu 2 kwa lita, ambazo baada ya kuchanganyika na robo tatu ya maji ya zamani zilishuka hadi nusu miligramu. Kiasi hicho ni mara tano ya kile ambacho tayari kinadhuru. Klorini huunguza utando mwembamba wa matamvua, na kwa hiyo samaki hukosa pumzi hata kama maji yamejaa oksijeni na pampu ya hewa inafanya kazi. Kuongeza mapovu, jambo la kwanza nililokimbilia, hakuponyi kidonda.

Nilidhani yameisha Jumapili. Jumatano walikufa wengine watatu, na hao hawakuuawa na klorini moja kwa moja, bali na kile ambacho klorini ilikiua kabla yao. Ndani ya sifongo ya chujio na juu ya changarawe huishi bakteria wanaobadili amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Dawa inayoua vimelea vya kipindupindu haibagui. Iliwapunguza na hawa pia, na amonia ikaanza kupanda kimyakimya katika maji ambayo kwa macho yalikuwa masafi kama kioo.

Hapa ndipo aina ya samaki ninaofuga ilipozidisha tatizo. Ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wakiwemo wale wadogo kabisa wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, na wote ni wa ukoo mmoja na sato, ingawa ukiwaona huwezi kudhani. Maji ya ziwa hilo yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali) inayokaribia 9, nami hujitahidi kuifikia. Sasa, amonia majini huwa na sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika sura ile ya sumu. Yakifika pH 9, zaidi ya theluthi moja huwa sumu. Kiasi kilekile cha amonia ambacho mfugaji mwenye maji ya pH 7 angekipuuza, kwangu kilikuwa maafa.

Siku hizi sitegemei kulaza maji peke yake. Kuondoa klorini ninatumia thiosalfeti ya sodiamu, fuwele nyeupe zilezile ambazo wapiga picha wa zamani walizitumia kugandisha picha kwenye chumba cha giza, na ambazo huuzwa na wauzaji wa kemikali za maabara. Huyeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi. Kwa ndoo ya lita 20 ya maji ya kawaida ya bomba, mililita 10 za mchanganyiko huo zinatosha na kuzidi kidogo. Siku ambayo dawa imetiwa kwenye simtanki huweka mililita 60. Ziada ndogo haina madhara, nami huona ni afadhali kuzidisha kidogo kuliko kupunguza. Klorini hutoweka ndani ya dakika chache, lakini huthibitisha kwa kipimo cha mabwawa ya kuogelea, kile ambacho maji hugeuka ya waridi kama klorini bado ipo. Anayemimina maji kwa mpira moja kwa moja kwenye tangi anapaswa kutanguliza thiosalfeti, na kuipima kwa ujazo wa tangi zima, si kwa maji yanayoongezwa tu.

Kuchemsha pia huondoa klorini, ila mbali na gharama ya gesi, huondoa sehemu ya ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake, ambao samaki wa Tanganyika wanauhitaji. Vitamini C nayo huondoa klorini, lakini vidonge vyake vya dukani, vyenye sukari na rangi ya chungwa, sivishauri.

Wasomaji walio ughaibuni wana jambo la ziada. Miji kadhaa ya Marekani, San Francisco ikiwemo tangu 2004, hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia ili idumu kwenye mabomba. Hiyo haiondoki kwa kulala usiku mmoja kwenye ndoo iliyo wazi, na thiosalfeti ikiivunja huiacha amonia nyuma, kwa hiyo inatakiwa dawa ya akwariamu inayofunga amonia pia.

Kwetu huku, baada ya klorini, adui ni joto. Maji ya simtanki lililopigwa na jua mchana hutoka ya moto kiasi cha kushtua mkono, nami hukinga alfajiri na kuhakikisha tofauti na tangi haizidi nyuzi 2. Maji ya boza hupimwa kila mara, klorini na chumvi, kwa sababu leo yanaweza kuwa ya bomba na kesho ya kisima. Sifongo ya chujio huioshea katika maji niliyoyatoa kwenye tangi, kamwe si bombani.

Ndoo zangu sasa zinakaa wazi barazani, zimefungwa kipande cha chandarua mdomoni ili hewa ipite na mbu asipite. Mama naye, akitia dawa kwenye simtanki, hugonga mlango wa chumba changu na kunitajia idadi ya vifuniko alivyopima, na mimi huandika ukutani kwa chaki juu ya ndoo.